Glavu ya Kusainia

Kibanda cha abiria kinachoning'inia kwenye waya kilipoanza kuteremka kutoka El Alto kuelekea La Paz, mama aliyekaa mbele yangu alitoa kalamu mpya ya chuma, nene kama gunzi, akajaribu kuandika jina lake kwenye mfuko wa mkate. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi.

"Hiyo nzito ni ya mkono unaotetemeka, mama," akasema bwana wa pembeni yake, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Wewe unataka nene ila nyepesi."

"Dukani wameniambia ndiyo ya wazee. Leo nasimamia ndoa, nasaini mbele ya msajili."

"Si uweke tu dole gumba, yaishe!"

Nikageuka kutazama mapaa ya nyumba huko chini.

"Mama yangu aliweka dole gumba," akasema mama polepole. "Aliambiwa ni risiti ya mbolea, kumbe anauza shamba. Ndiyo maana mimi Eduviges nilipelekwa shule, tena peku. Leo wewe unirudishe kwenye wino?"

Bwana akanywea. Akavua glavu yake ya sufu, akaiviringisha kwenye kalamu nyepesi aliyoitoa mfukoni hadi ikawa nene, akampa. Mama akaipokea bila asante, akaanza upya.

Alikuwa amefika "Eduvi" mlango ulipofunguka. Vibanda hivi havisimami, unashuka vikitembea. Bwana akamnyooshea mkono. Mama akampa kiwiko, vidole vikiwa bado vimeing'ang'ania kalamu, akashuka.

"Mama, glavu yangu!"

"Njoo uichukue harusini," akajibu bila kugeuka, "nikishasaini."