Kiyoyozi cha Stendi

Pale stendi kiyoyozi cha teksi kilikuwa kinavuma na vioo vimefungwa. Ndicho kilichotuingiza kwenye teksi ile. Tulipomaliza foleni za mjini na kuingia barabara kuu, dereva akakizima, akashusha vioo vyote. Mwokaji aliyekaa mbele, keki ya harusi ya mdogo wake mapajani, akamgeukia. “Kaka, washa hicho kitu. Krimu inayeyuka.”

“Kinakunywa mafuta, dada yangu. Nabana matumizi.”

“Mbona kwenye foleni hukubana? Kule tulikuwa tunatambaa, vioo wazi vingetosha. Huku unakimbia, upepo unajaa ndani na kulivuta gari nyuma kama mwavuli uliofunguliwa. Injini inapigana nao kwa mafuta yako.”

“Upepo wa Mungu ule, wa bure.”

Mimi huku nyuma nilikuwa naumeza huo wa bure, hata mdomo wa kuchangia sikuwa nao.

“Haya, toa mkono nje,” mwokaji akamwambia.

Dereva akautoa kwa madaha. Upepo ukaurusha nyuma. Akaurudisha kwenye usukani taratibu, akakohoa. “Huo ni mkono tu. Gari lina nguvu.”

Tulipofika stendi ya pili, ua la krimu lilikuwa limeteleza hadi ubavuni mwa keki. Mwokaji akalitazama, akamtazama dereva, akashuka bila kuaga. Dereva akapandisha vioo, akawasha kiyoyozi, akaliegemea gari lake lililosimama tuli na kupaza sauti: “Teksi ya baridi hiyo! Ingia upoe!”