Mbiombio na Mshipa wa Jirani

Ndugu waombolezaji, familia imempa kazi hii mdogo wake marehemu, huyu anayesema nanyi, ambaye shuleni hakukaa sana, ila sauti yake inafika viti vya nyuma bila kipaza sauti, na marehemu mwenyewe alishasema kuwa wasomi wa ukoo wakisoma, watu watasinzia.

Dada yetu Mbiombio alizaliwa tarehe 11 Juni 1990, na jina hilo alipewa na watoto wenzake, kwani moyo wake ulikurupuka na kwenda mbio hata akiwa amekaa, gauni likatikisika kifuani, wakacheka, wasijue wanachekea nini. Alianza shule mwaka 1997, na tarehe 19 Agosti 1999 madaktari walimpitishia waya mwembamba kutoka mshipa wa paja hadi moyoni, wakachoma kijisehemu kilichokuwa kikiukimbiza, moyo ukatulia, wazazi wakashangilia, kumbe moto ule ulikuwa umeunguza mshipa wa jirani, unaoulisha moyo wenyewe damu, nao ukaanza kuziba kimya kimya, miaka na miaka, mwenye nao akiruka kamba.

Alimaliza sekondari mwaka 2007, akawa fundi wa mapazia, akipanda ngazi na pini mdomoni na bado akikusema, na tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na fundi rangi aliyemchafulia pazia jipya, shemeji yupo hapa, adhabu yake ilikuwa ya maisha. Binti yao alizaliwa tarehe 2 Februari 2016.

Mwaka 2022 alianza kubanwa kifua kila akipanda ngazi, akaambiwa ni gesi, akaambiwa ni mawazo, mdogo wake akamwambia ni uzee, hadi picha za Oktoba 2023 zilipoonyesha mshipa umebaki tundu la sindano, kando ya kovu la utotoni, na mwaka huohuo moyo wa binti nao ukaanza kukimbia.

Tarehe 9 Julai 2024 daktari wa watoto aliipiga picha mishipa ya binti kwanza, akaukuta mshipa kama ule wa mama yake umelala palepale pa kuchoma, akauacha moto, akatumia baridi ya kugandisha, isiyounguza mshipa, akieleza wazi kwamba mbio zinaweza kurudi. Ndugu walinung'unika kuwa kazi imefanywa nusu, marehemu akawajibu kwamba mbio zikirudi, hospitali ipo, lakini mshipa ukishaungua hauna kurudi.

Alifariki tarehe 3 Mei 2025, akisubiri upasuaji wake.

Jana, tukipanga viti hivi, binti aliuchukua mkono wa mjomba wake akauweka kifuani, na moyo ulikuwa unakimbia, na tayari wapo wanaosema safari hii achomwe moto yaishe.

Tunawashukuru daktari wa watoto na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na mzee daktari wa mwaka 1999, aliyekuja bila kuitwa.

Dada, hakuna atakayemharakisha mwanao kwenye moto, mlango wa chumba cha kuchoma ataukalia mdogo wako mwenyewe, na mdomo wake unaujua, basi wewe pumzika kwa amani.