Wakili Aliyeona Haya Kumpinga Mzee

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu. Jumamosi iliyopita mji wetu wa Kumasi ulimzika Kwaku Barnieh. Kwaku Barnieh, wakili. Kwaku Barnieh, mwalimu wa mawakili. Wengi wa hao mnaowaona mahakamani wakigombania nyumba na mashamba ya watu walipita mikononi mwake. Na somo lake kubwa lilikuwa moja: kumwambia mzee, usoni, kwamba hasemi kweli.

Mnaguna? Guneni tu. Sisi wote tumelelewa hivyo. Mtoto akisema "mzee, unadanganya," kofi linamfika kabla hajafunga mdomo. Barnieh naye alilelewa hivyo hivyo, na malezi hayo ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa kijana, wigi la mahakamani bado jipya kichwani, alipopewa kesi ya Maame Takyiwaa, mjane, muuza vitenge pale sokoni. Mume amekufa, ukoo wa mume unataka nyumba. Takyiwaa anasema, tulijenga wawili, vitenge vyangu vimo ndani ya kuta zile. Akapanda kizimbani Wofa Agyekum, mjomba wa marehemu, kichwa mvi tupu. Akasema: "Mwanamke huyu hakuweka hata tofali moja."

Zamu ya Barnieh kumdodosa ikafika. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Katika kesi za madai, shahidi wa upande wa pili akisema jambo la kukuumiza, lazima umwambie pale pale kwamba si kweli. Usipompinga, mahakama inahesabu umekubali. Barnieh alilijua hilo. Lakini mzee alimtazama, na ulimi ukamwia mzito. Akauliza mambo ya mpaka wa kiwanja, akainama, akasema, "Nashukuru sana, mzee wangu." Akaketi.

Jaji akaandika: maneno ya mzee hayakupingwa. Nyumba ikaenda. Narudia, wasikilizaji: nyumba ya mjane ilikwenda kwa sababu ya adabu.

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, na Takyiwaa Kiingereza hakijui. Nje akauliza, "Mwanangu, tumekosea wapi?" Watu wakadakia kwamba jaji alikuwa amekwishatembelewa usiku, amepewa bahasha. Barnieh angeweza kusema ukweli. Alitikisa kichwa tu, kama anayesikitika, na mama wa watu akaenda zake na imani hiyo.

Binti wa Barnieh, Konadu, ameniambia hivi: "Baba alikuwa hapiti mtaa wa nyumba ile. Tukienda kanisani tunazunguka, tunachelewa, mama anagomba. Sisi tulidhani anaogopa mbwa."

Hakuwa anaogopa mbwa. Akaacha mahakama, akaenda kufundisha. Darasani kwake akaweka kizimba cha mbao ili wanafunzi wajizoeze kuhoji, na mashahidi wake walikuwa wazee wa kweli, si wanafunzi waliojipaka unga kichwani. Na shahidi ambaye Barnieh mwenyewe alimwendea, akambembeleza aje, ni Maame Takyiwaa. Kwa nini yeye? Mimi nadhani alitaka kumtazama kila wiki na kuumia kila wiki.

Mama akaipenda kazi. Alikuwa anadanganya kwa raha zake. "Wewe mwenye shingo ya kuku," anamwambia mwanafunzi, "mama yako anajua kwamba unaniuliza hivyo?" Darasa linacheka, mwanafunzi anasahau swali.

Siku moja ikawa zamu ya Dufie, binti hodari lakini mwenye haya. Takyiwaa akasema kizimbani, "Shamba lile nililima peke yangu." Dufie akapiga goti kidogo. "Asante sana, nana." Akaketi.

Barnieh akapiga meza. Akikasirika, Kiingereza kilikuwa kinamkimbia, anabaki na Kitwi chake, lugha ya Takyiwaa pia. "Dufie! Umenyamaza! Usipompinga, jaji anaandika umekubali! Mteja wako leo atalala wapi?"

Maame Takyiwaa akashuka kizimbani polepole.

"Kwaku. Wofa Agyekum aliposema sikuweka tofali, wewe ulimpinga?"

"Sikumpinga, Maame."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Na yule jaji? Si alitembelewa?"

"Hakutembelewa na mtu. Ni mimi."

Dufie anasema mama alijifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Mwalimu aliingia kwenye kizimba, akakaa, akalia mbele ya wanafunzi wake.

Wiki iliyofuata Takyiwaa hakuja. Wala iliyofuata. Kisha siku moja mlango ukafunguliwa, akapanda kizimbani. "Haya, nimekuja kudanganya. Atakayenionea haya, kiatu hiki ni chake." Habari ya nyumba hakuitaja tena. Na Barnieh, mpaka anafariki, alimsalimia ameinamisha kichwa.

Basi Jumamosi, msibani, mkuu wa ukoo akasimama katika nguo za msiba, nyekundu na nyeusi. "Ndugu yetu huyu," akasema, "hakumkosea mtu yeyote duniani." Watu wakaitikia kwa adabu.

Maame Takyiwaa akainuka na mkongojo wake.

"Samahani, mzee. Hilo si kweli. Alinikosea mimi. Alinipotezea nyumba, akaniacha nikimlaani jaji asiye na kosa. Nampenda, ndiyo maana nimekuja. Lakini hilo halipiti."

Watu wakaanza kumvuta kitenge akae. Hapo Dufie, ambaye sasa ni wakili, akasimama. Akasimama wa nyuma yake. Wakasimama wanafunzi wote wa Barnieh, wakamtazama mzee machoni, mpaka mzee akakohoa na kusema upya: "Ndugu yetu alimkosea Maame Takyiwaa."

"Hapo sawa," akasema mama. "Sasa mzikeni."

Konadu, na ukoo mzima wa Barnieh, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anamlaani asiye na kosa kwa sababu wewe ulinyamaza, na mtu huyo bado yu hai, mwendee. Mwendee leo, kabla hajaja kusimama kwenye msiba wako.