Dada Yetu, Aliyeomba Siku Kumi na Nne

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa kituo cha maziwa, na ninyi mliotoka mbali mkaacha shughuli zenu, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tatu kuzaliwa katika nyumba hii, na nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu. Karatasi niliyopewa na kamati ina ukurasa mmoja, imechapwa vizuri, na mahali pawili nimeikata kwa kalamu, nitawaambia ni wapi. Kuna jambo moja ambalo dada alituomba sisi ndugu zake, moja tu katika umri wake wote, na kwa kuwa nisipolisema mimi hakuna atakayelisema, nitalisema likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1961, katika chumba hicho cha nyuma ambacho sasa kinawekwa pumba na madumu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, akitanguliwa na kaka yetu mkubwa mwenye duka la vipuri vya magari, akifuatiwa na mimi, kisha mdogo wetu wa mwisho ambaye ni muuguzi. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitambaa kuelekea zizini kabla hajajua mlango wa mbele uko wapi, na sisi tulikuwa tukicheka, tukaifanya hadithi ya nyumbani, tukairudia mpaka ikawa kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyechagua.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba mwaka 1975 akiwa wa kwanza kati ya wanafunzi thelathini na nane, na Januari 1976 akajiunga na shule ya sekondari ya bweni, akaenda na sanduku la bati la bluu na magodoro mawili, moja lake na moja la rafiki yake ambaye hakuwa na mtu wa kumbebea. Hapo karatasi inasema kwamba marehemu "alihitimu masomo yake", na hapo ndipo mahali pa kwanza nilipokata, kwa sababu hakuhitimu. Machi 1977, akiwa kidato cha pili, mama aliteleza zizini akavunjika nyonga, baba alikuwa kazini mbali akirudi mara moja kwa mwezi, ng'ombe walikuwa watatu na wote wanakamuliwa, basi wakubwa wakakaa wakaamua kwamba binti arudi nyumbani kwa muda, mpaka mama apone. Mama hakupona, alitembelea gongo mpaka alipofariki mwaka 1994, na neno hilo "kwa muda" halikuwahi kufutwa na mtu yeyote. Sanduku la bluu nililichukua mimi mwaka 1980 kwenda nalo sekondari, yeye ndiye aliyelisugua kwa majivu likang'aa, na sikumbuki kama nilisema ahsante.

Katika utumishi, marehemu alifanya kazi moja kwa miaka arobaini na sita na miezi sita, bila barua ya ajira na bila siku hata moja ya likizo, na mimi ninalisema hili nikiwa afisa utumishi, mtu ambaye riziki yake ni kuidhinisha likizo za wengine. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachemsha maji, akavaa koti lake la kijivu la kukamulia, akaosha kiwele cha kila ng'ombe kwa kitambaa chake, akakamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi aone kama kuna mabonge, na ndipo akaketi kwenye kigoda. Ikifika saa moja madumu yalikuwa juu ya baiskeli kuelekea kituoni, akirudi anazoa samadi, anakata majani, anayakatakata kwa panga, anajaza ndoo kumi na sita za maji kutoka bombani, anakagua kupe masikioni na chini ya mkia, anatengeneza uzio, na saa kumi jioni anaanza upya kukamua, jua liwake au mvua inyeshe, awe mzima au anaumwa, na hata siku tulipomzika baba mwaka 1985 alitoka makaburini mbele ya watu wote kwa sababu saa zilikuwa zimefika, na wapo shangazi zetu waliomsema kwa hilo mpaka wanaingia kaburini.

Sisi tulimwita Meneja. Tulikuja sikukuu na watoto, tukakuta maziwa yamechemshwa, tukasema "Meneja, shamba limependeza", tukapiga picha na ndama, tukaondoka na vidumu vyetu vimejaa, na ninyi majirani mliokuwa mkiyaona magari yetu mnajua nasema kweli. Tulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka nenda miaka rudi. Yeye naye alikuwa na ulimi, msidhani alikuwa mnyonge, ng'ombe wake mkali kuliko wote alimpa jina la Shangazi kwa sababu alitaka kusalimiwa kwanza ndipo aguswe, mwingine mvivu wa kusimama akamwita Karani, na aliwahi kumwambia kaka yetu mbele ya wakwe zake kwamba katika viumbe vyote vinavyokula hapa nyumbani, wenye pembe ndio wanaorudisha kitu.

Kuhusu ndoa, karatasi inasema marehemu hakujaaliwa kuolewa. Ukweli ni kwamba mwaka 1984 seremala aliyejenga zizi lile mnaloliona alileta wazee wake, kijana mtaratibu, mwenye kazi ya mikono, na dada alimtaka, alijishonea gauni la rangi ya maziwa akalificha chini ya kitanda. Nilikuwa likizo, nina miaka kumi na minane, nikakaa na wakubwa kama mtu mzima, na ni mimi niliyeuliza, tena kwa sauti, kwamba dada akiolewa nani atakamua. Wazee wakaona kijana amesema neno la maana, seremala akaambiwa asubiri mama apate nguvu, akasubiri miaka mitatu, kisha akaoa kwingine, na simlaumu. Hakupata watoto. Alivuta kwa mikono yake ndama arobaini na mmoja, ninajua idadi kwa sababu wote wameandikwa kwenye daftari lake, tarehe, jina la mama, dume au jike, na watoto wetu sisi watatu, ambao jumla yao ni tisa, wote wamelelewa kwa maziwa yake.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa, na ndipo nilipokata mara ya pili, kwa sababu imeandikwa kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Tarehe 9 Mei 2023 Shangazi alitupa mimba ya miezi saba, dada akaitoa kwa mikono mitupu kama alivyozoea, akaizika, akasafisha zizi. Wiki mbili baadaye akaanza homa za jioni, jasho, viungo kuuma, mgongo kukataa kunyooka. Alimpigia mdogo wetu muuguzi, akaambiwa ni malaria hiyo, meza dawa, akameza, homa ikaondoka ikarudi. Kwenye daftari lile la mifugo, chini ya mstari wa ng'ombe aliyetibiwa kiwele, ameandika kwa mwandiko wake wa darasani, "30 Mei, mimi, homa tena, mgongo", kwa kuwa hakuwa na daftari jingine la kuandika habari zake.

Ng'ombe alipotupa mimba, tulimpigia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kila mmoja wetu alipiga, simu yake ilijaa. Ni mama huyo daktari, aliporudi na majibu ya damu ya Shangazi, aliyemtazama dada akamuuliza homa hizo zimeanza lini, akamwambia ugonjwa huu wa ng'ombe unaingia hata kwa binadamu, aende akapimwe. Dada alipimwa, akakutwa nao, akaambiwa unatibika, ila anahitaji sindano kila siku kwa siku kumi na nne katika hospitali kubwa, ambayo kwa gari ni saa nne kutoka hapa, halafu vidonge atamezea nyumbani.

Tarehe 17 Juni 2023, saa tano asubuhi, alituandikia kwenye kikundi cha familia, nao ujumbe ninao hapa, nausoma ulivyo: "Wapendwa, daktari anataka nilale hospitali siku kumi na nne. Naomba mmoja wenu aje akamue. Aje siku mbili kabla nimfundishe, avae koti langu, Shangazi anafuata harufu, hatasumbua. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi." Kaka akajibu kwamba biashara imebana, ila tupo pamoja. Mdogo wetu akajibu kwamba zamu za mwezi zimeshapangwa, akaongeza alama ya mikono iliyoshikana. Mimi nikajibu, "Vumilia kidogo, Meneja, Agosti napata likizo." Akaandika, "Sawa, nitajikaza."

Alimtafuta mtu wa kumlipa, akapatikana kijana mmoja wa jirani, Shangazi akampiga teke siku ya pili, siku ya tatu hakuonekana. Nikapendekeza ng'ombe wauzwe, kaka akasema hao ni kumbukumbu ya mama, na niwe mkweli, sikubishana, kwa sababu sote tulijua kwamba siku ng'ombe wakitoka, mazungumzo ya nani atachukua kipande gani cha shamba yataanza, na kila mmoja alitaka mazungumzo hayo yasubiri mpaka yeye ajipange. Agosti ilifika, likizo nilipata, siku ishirini na nane, nikazitumia kupaka rangi nyumba yangu. Aliniuliza mara moja tu, tarehe 6, nikamwambia mafundi bado wako ndani, nikimaliza nakuja. Hakuuliza tena. Tulimpiga danadana mtu mzima, mgonjwa, siku themanini na sita, na kila siku katika hizo alikamua mara mbili.

Tarehe 11 Septemba, mama jirani yetu, yule aliyeketi pale mwenye kitambaa cha kijani, aliona baiskeli haijapita, akaja, akamkuta dada ameanguka pembeni ya kigoda, maziwa yamemwagika, Shangazi amesimama kimya bila kumkanyaga. Akaita gari, akamfikisha hospitali. Madaktari walisema ugonjwa umeshaingia kwenye moyo, wakamhangaikia siku kumi, na tarehe 21 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, dada yetu akafariki, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mwezi mmoja na siku kumi na nane.

Katika siku zile kumi, mama jirani alilivaa koti la kijivu, akaisoma ile karatasi iliyokuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa zizi, akamsalimu Shangazi kwanza, akakamua. Hakufundishwa na mtu, ana wajukuu wanne nyumbani na mguu mmoja mbovu, na ng'ombe wote walitoa maziwa. Kumbe iliwezekana. Nilipofika nikamkuta anachuja maziwa jikoni, akaniambia hakujua kama dada anahitaji mtu, kwa sababu dada alimwambia ndugu zake wanakuja, na dada mwenyewe alikuwa amesafisha chumba na kutandika kitanda. Kitanda hicho nimekilalia mimi tangu siku ya msiba, shuka bado zina mikunjo ya pasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea akiwa amechelewa na hawakutugombeza, ingawa walikuwa na haki ya kutugombeza. Inamshukuru daktari wa mifugo, aliyeona kwa dakika tano kitu ambacho ndugu wa damu hatukukiona. Inawashukuru wafanyakazi wa kituo cha maziwa waliofunga kazi leo asubuhi ili wambebe, na majirani wote, na wewe mama, ambaye mpaka asubuhi hii ulikuwa zizini na sisi tumekaa kwenye viti. Mwishoni mwa karatasi kuna sentensi inayoishukuru familia kwa kumuuguza marehemu mpaka dakika ya mwisho. Hiyo sikuikata, nimeshindwa tu kuisoma.

Dada, kwa ajili ya kukuzika mwajiri wangu amenipa ruhusa ya siku saba, niliomba asubuhi nikapewa mchana. Kaka amefunga duka siku tano. Mdogo wetu amebadilishana zamu na wenzake, amepata siku kumi. Jumla ni siku ishirini na mbili, na zimepatikana zote bila shida. Wewe ulituomba kumi na nne. Lala salama, dada yangu, pumzika.