Mzee Kalama Garama na Ekzosi ya Gari Nambari Saba

Ijumaa ya tarehe 30 Julai 1999, saa kumi jioni, Mzee Kalama Garama atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana ya kampuni ya magari ya watalii ya Kusi Safari, hapa Ukunda, kwa miaka ishirini na minane. Alikuwa amebakiza miwili afikie umri wa kustaafu. Barua ya kuomba kuondoka mapema aliiandika mwenyewe. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa ucheshi. Nitajaribu, ingawa mwaka huu ucheshi umeniwia mgumu.

Alikuja mwaka 1971 kutoka Kinango, akaajiriwa kuosha magari. Miaka mitano baadaye alikuwa ndiye fundi wetu wa ekzosi, yaani mabomba ya kutolea moshi. Chumvi ya bahari huyala mabomba ya magari ya Diani bila huruma, kwa hiyo hakuwahi kukosa kazi. Watalii walipoanza kuadimika mwaka 1997, tukapunguzwa kutoka mafundi kumi na tisa hadi sita, lakini jina lake halikuguswa. Meneja alisema yuko tayari kuuza jeki zote, ila si sikio la Kalama.

Sikio hilo ndilo lililokuwa muhuri wetu. Kazi ya injini ikiisha, nyundo zilinyamaza, redio ikazimwa, hata Akinyi wa ofisini akaacha kupiga taipu. Mzee aliinama, akaweka ncha moja ya kijiti cha mkwaju kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Akiitikia kwa kichwa, gari limepita. Siku moja, akiwa ameketi anakula muhogo wake, alitangaza kwamba gari la mkurugenzi lina plagi moja iliyokufa, kabla hata halijaingia getini. Likafunguliwa, ikawa kweli. Mkurugenzi alimnunulia kofia, nayo ndiyo anayoivaa hadi leo.

Miaka ya karibuni akaanza kujibu asiyoulizwa. Akinyi akimuuliza habari ya likizo, yeye anamjibu habari ya gasketi. Tukadhani ni utani wake. Nasikitika kuandika kwamba tulicheka karibu mwaka mzima.

Septemba 1998 gari nambari saba, lile basi dogo ambalo injini yake iko chini ya kiti cha dereva, lilipasuka manifoldi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini. Ya asili haikupatikana, tukaletewa heda kutoka Mombasa: mabomba manne yanayoungana chini kuwa moja. Heda hiyo haikuwa na tundu la sensa ya oksijeni, kile kidude kinachonusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari iongeze petroli au ipunguze. Wengi wetu tungekitupa tu. Mzee alikataa. Alitoboa pale mabomba yote manne yanapokutana, ili sensa ipate moshi wa silinda zote ukiwa bado moto, akachomelea nati ya kuishikilia, akaielekeza juu kidogo maji yasituame. Mimi, fundi wa umeme, nilirefusha nyaya zake na kuzifunga mbali na joto. Ilikuwa kazi safi.

Ila gasketi, ile pedi ya kuziba kati ya heda na injini, haikukaa sawa. Nyundo zikanyamaza, Mzee akaweka kijiti chake, akafumba macho. Mimi nilikuwa chini ya gari na niliisikia: tiki, tiki, tiki, pumzi ikivuja. Nilingoja naye aisikie. Akaitikia kwa kichwa.

Hapa kwetu hakuna aliyewahi kufungua mdomo baada ya Mzee kuitikia. Nilifika Pwani kutoka Vihiga nikiwa sijui hata kushika spana, yeye akanifundisha. Ningeanzia wapi kumwambia mbele ya watu kwamba sikio lake limechoka? Nikajiambia gasketi ikipata joto itakaa yenyewe. Nikanyamaza.

Haikukaa. Hewa iliyopenya hapo iliidanganya sensa, injini ikamwagiwa petroli kupita kiasi, na moshi mchafu ukawa unapanda kidogo kidogo hadi kwa dereva. Siku ya tano Kitsao, dereva wetu, alikuwa akirudi peke yake kutoka Kibuyuni. Kichwa kikamzunguka, gari likaingia mtaroni. Alivunjika mguu mahali pawili, akalazwa hospitali ya Msambweni wiki saba. Bado anachechemea, na hajashika usukani tena.

Gari lilipovutwa hadi karakana, injini ilikuwa nzima. Mzee aliiwasha, akasogeza kiganja kwenye maungio ya heda, na mkono ukamwambia kile ambacho sikio halikumwambia. Aligeuka polepole. "Wanangu, hapa palikuwa panalia. Ni nani aliyesikia?" Sote tukatazama chini. Akasema hana uchungu na masikio yake, maana yamefanya kazi ya kutosha. Kinachomuuma ni kwamba huenda yuko mtu aliyemwonea haya yeye, asimwonee huruma Kitsao. Wiki hiyo hiyo akaandika barua.

Miezi iliyobaki hakukitumia tena kijiti. Alitufundisha kupaka povu la sabuni kwenye maungio yote injini ikiwa bado baridi, tutazame yanapotoka mapovu, maana ndipo panapovuja, na akaweka sheria kwamba yeyote anaweza kusema "bado", hata anayefagia. Kila Jumamosi alimpelekea Kitsao uji uliopikwa na mkewe, mama Eunice.

Sasa anarudi Kinango kwa mama Eunice na mbuzi wake. Hotuba za karamu hazitamfikia vyema, ndiyo maana wasifu huu umepigwa chapa kwa herufi kubwa, na nakala ya kwanza atapewa yeye, aisome kabla yetu sote.

Mzee Kalama, asante kwa miaka yote ishirini na minane. Mungu akujaalie siku za utulivu, afya na nyumba yenye amani. Uliuliza ni nani aliyesikia, na hakuna aliyekujibu. Ni mimi, Enos. Nilisikia. Ijumaa nitasimama kando ya gari nambari saba, nikikitazama kichwa chako kama kitaitikia.

Enos Asava,
fundi wa umeme