Alminda Tebbs na Zizi la Juu ya Mfereji

Marehemu mama yangu, Alminda Stoker Tebbs, alizaliwa tarehe 3 Machi 1869 hapa Alkali Bend, Utah, mtoto wa tano wa Ephraim na Keturah Stoker. Alisoma shule ya hapa hapa, kisha akafundisha humo miaka sita. Baadhi ya wanafunzi wake wamekaa mbele yangu na mvi zao, na akitajwa bado wananyoosha migongo.

Alifunga ndoa na Parley Tebbs katika hekalu la St. George, tarehe 12 Oktoba 1892, wakajaliwa watoto wanne. Baba aliwahi kuulizwa nani mwenye amri nyumbani. Akajibu, "Mimi, bwana. Alminda kaniruhusu."

Mwaka 1911 wanaume walimpendekeza awe mwenyekiti wa baraza la mji, kwa mzaha. Walipozinduka, ameshashinda. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti kile. Alikuwa pia rais wa Muungano wa Usaidizi wa akina mama kanisani, utumishi wa kanisa tunaouita wito, nao aliupenda kuliko cheo chochote.

Kiangazi kilichofuata, homa ya matumbo iliingia. Tulizika watoto, akiwemo mdogo wangu Verda. Maji ya kunywa yalikuwa ya mfereji, na juu ya mfereji, yanakotokea maji, palikuwa na zizi la Hyrum Lunt, askofu wa kanisa letu hapa mjini. Mama akaamuru lihamishwe.

"Dada Tebbs," Askofu alimwambia mlangoni mwa kanisa, "futa amri hiyo, la sivyo leo nakuondoa kwenye wito."

"Wito ni wako kuutoa, Askofu. Maji si yako."

Katika mkutano wa sakramenti, ibada ya Jumapili hiyo, Askofu akatangaza kwamba Dada Tebbs ameondolewa. Wanaomshukuru kwa utumishi wake wainue mkono. Kwetu kuinua mkono ni kukubali aondolewe, na hakuna anayebaki na mkono chini. Mikono yote ilipanda, na wenye mikono hiyo wengi mko hapa. Mama naye akainua wake, kisha akasema, "Ng'ombe watoke kesho asubuhi."

Kulipokucha alikwenda na polisi wa mji. Askofu alisimama langoni na wanawe wanne. Hakuna aliyesogea. Ndipo mkewe, Dada Zilpha, alipotoka ndani alikokuwa akimuuguza kitindamimba wao.

"Hyrum, pisha. Au unataka tuchimbe kaburi lingine?"

Dada Zilpha akafungua lango mwenyewe, ng'ombe wakatoka.

Homa ilikoma kabla ya theluji. Mama aliongoza baraza hadi 1918, akatuletea mabomba. Wito wake hakurudishiwa. Maaskofu watatu wamepita, naye Jumapili zote aliketi benchi la nyuma, akisalimiwa kwa mbali na watu wenye maji safi majumbani. Iliniuma, na inaniuma.

Alipata kiharusi mwaka 1941, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 1943. Kwa desturi, akina mama wa Muungano ndio humvika marehemu mavazi ya hekaluni. Nilingoja. Alikuja Dada Zilpha peke yake, mkongojo mkononi. Tulimvika sisi wawili. Akimfunga mshipi alisema, "Alminda, yule kitindamimba wangu ana watoto sita sasa."

Ameacha watoto watatu: mimi Lovisa, Orson na Thirza, na wajukuu kumi na mmoja.

Mungu ampe amani ambayo sisi hapa tulimnyima.