Verlyn Haugstad na Nguzo za Maili 109 Hadi 120

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, saa nane mchana, Bwana Verlyn Haugstad atakabidhi funguo za lori lake na kufunga miaka thelathini na saba ya kazi katika kambi yetu ya matengenezo ya barabara hapa Sorby. Aliajiriwa Aprili 1988 akiwa na miaka ishirini na minane, mwembamba kama nguzo alizopewa kuzisimamisha. Anaondoka akiwa na kitambi cha heshima na goti moja bovu.

Barabara Kuu Namba 29 tunaijua sote, lakini kijitabu hiki cha kumuaga kitasomwa na wageni pia. Inaanzia Kansas City, inapanda na mto Missouri hadi Sioux City, inapita Sioux Falls, kisha inanyooka kaskazini kupitia Fargo na Grand Forks mpaka inapogota kwenye mpaka wa Kanada pale Pembina. Ni zaidi ya maili mia saba na hamsini. Ina namba witiri kwa kuwa barabara kuu zinazotoka kusini kwenda kaskazini hupewa namba witiri. Ilijengwa kipande kwa kipande kuanzia miaka ya hamsini, na kipande chetu kilipita katikati ya shamba la viazi-sukari la baba yake Verlyn. Mzee yule alisema mpaka siku anazikwa: "Walinunua shamba langu, wakaniuzia kelele." Mwanawe akaenda kuajiriwa na kelele zenyewe.

Kazi ya Verlyn ilikuwa alama na nguzo. Nguzo za maili huhesabiwa kutoka mpaka wa kusini wa jimbo, ambako ni sifuri, kwenda juu. Kwenye tambarare hii hakuna kilima wala mti wa kumwelekeza mtu. Aliyetumbukia mtaroni ana kitu kimoja tu cha kuwaambia waokoaji, nayo ni namba iliyo kwenye nguzo iliyo karibu naye.

Visa vyake ni vingi. Mwaka 1997, mafuriko yalipoifunga barabara, alikaa siku tatu kwenye kizuizi akiwarudisha madereva wabishi, akila mkate mkavu na kahawa baridi. Lori la bata mzinga lilipopinduka karibu na kambi, aliwakimbiza ndege wale mpaka giza, akarudi na manyoya kwenye masharubu. Mkewe Ardis hakumfungulia mlango mpaka alipojikung'uta.

Kinachojulikana zaidi ni gurudumu lake la kupimia, lile lenye mpini. Kila mwaka theluji ikishayeyuka, Verlyn alitembea maili zetu zote sitini kwa miguu akisukuma gurudumu hilo, nguzo kwa nguzo. Lori lina mita ya maili, lakini yeye hakuitaka. Tulimbandika jina la Bwana Futi. Vijana walimpigia honi: "Bwana Futi, umefika wapi? Inchi ya ngapi?" Yeye alipunga mkono tu. Mwaka 2009 makao makuu walimpa cheti cha usahihi, na kipo ukutani jikoni kwetu hapa kambini.

Nilitaka wasifu huu uanzie kwenye cheti hicho. Meneja wetu, Curt Brandvold, alinituma kwa maneno haya: "LaVonne, andika mambo ya kuchekesha. Watu watakuwa wanakula keki." Kwa hiyo Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani kwa Verlyn na daftari langu. Lakini kabla sijasema niliyoyasikia, lazima niseme jambo langu mwenyewe. Wenzangu wapya wananijua kama mama wa masijala. Wazee wanajua kwamba nilianza kwenye simu ya upepo, na wanajua kwa nini niliondolewa.

Januari 1994, saa tisa alasiri, dhoruba ya theluji ilikuwa imeifunika barabara. Dereva wa lori aliyekuwa anapita aliita kwenye simu ya upepo. Alisema ameona gari dogo mtaroni upande wa kwenda kusini, nguzo ya 117, na mtu ndani anapunga kitambaa. Hakuweza kusimama, nyuma yake kulikuwa na malori mengine. Niliandika 117. Nikawatuma waokoaji. Nguzo zilikuwa hazionekani tena kwa theluji, kwa hiyo walifanya tunavyofanya siku zote. Walianza kwenye njia ya kutokea Sorby, ambayo ni maili ya 108, wakahesabu maili tisa kwa mita ya gari, wakasimama na kuchimba. Walichimba zaidi ya saa mbili. Hakukuwa na gari. Kesho yake asubuhi dhoruba ilipotulia, Corliss Aasand, muuguzi wa miaka ishirini na tisa aliyekuwa anakwenda zamu, alikutwa karibu nusu maili mbele ya pale walipochimba. Alikuwa ameganda, mikono ndani ya makwapa.

Ikasemwa kwamba nimeandika namba isiyo sahihi. Dereva yule hakupatikana kuulizwa. Hakuna aliyenigombeza, sisi huku hatugombezani. Nilihamishiwa masijala tu. Kanisani sahani yangu ya keki za vipande ilikuwa inarudi nyumbani kama ilivyokwenda. Mume wangu, marehemu Duane, aliniuliza mara moja tu: "Una hakika ulisikia vizuri?" Nikasema ninayo. Baada ya miaka michache sikuwa nayo tena. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua Corliss, nikazeeka nikiamini hivyo.

Sasa nirudi kwa Verlyn. Nilipomuuliza habari za cheti, alisema, "Hicho usikitaje. Au ukikitaja, taja na sababu yake."

"Sababu gani? Wewe unapenda kutembea tu."

"Weka kikombe chini, LaVonne."

Akanieleza. Oktoba 1993 barabara ilikuwa imewekwa lami mpya, na wakandarasi walikuwa wameng'oa nguzo kumi na mbili, kuanzia 109 hadi 120. Verlyn alizirudisha kwa siku moja akitumia mita ya lori. Lori lilikuwa limefungwa magurudumu mapya, makubwa kuliko ya zamani, kwa hiyo kila maili aliyopima ilizidi kidogo, na ziada ikawa inajumlika. Alipomaliza ya 120 aliinua macho akaiona ya 121, ambayo haikuwa imeng'olewa, iko karibu mno. Alijua papo hapo. Lakini ardhi ilikuwa imeanza kuganda na jua linazama. Akasema moyoni kile ambacho kila mmoja wetu hapa kambini amewahi kukisema: itangoja theluji iyeyuke.

"Nguzo ya 117 niliisimamisha karibu nusu maili kupita mahali pake," alisema. "Dereva aliisoma sawasawa. Wewe uliandika sawasawa."

"Ulijua lini?"

"Kesho yake asubuhi. Walipotaja umbali."

"Kesho yake ya mwaka gani, Verlyn?"

Ardis alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Naye pia alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

Aprili ile, Jumapili ya Pasaka, sisi wengine tukiwa kanisani, alikwenda peke yake akazihamisha zote kumi na mbili. Baada ya hapo akaanza kutembea na gurudumu. Na kila theluji ilipoanguka mjini, kabla hajaenda kazini, alipita kuusafisha uwanja wa nyumba yangu. Duane alipofariki, alisafisha mpaka kwenye ngazi. Nilimwombea kwa Mungu kila mara. Leo nikifikiria maombi yale nasikia hasira, na siioni haja ya kuificha kwa sababu ya keki.

Nilimwambia kwamba kuniambia mimi hakutoshi. Jumatatu yake nilimwendesha hadi kwa Bibi Inga Aasand, mama yake Corliss, mwenye miaka tisini na mmoja. Alitukaribisha, akatukatia lefse, zile chapati zetu za viazi, akasikiliza yote aliyosema Verlyn bila kumkatiza. Kisha akamuuliza Verlyn jambo moja.

"Wangechimba pale penyewe, wangemkuta hai?"

Niliona Verlyn anatafuta pa kujificha. Aliyekuwa anapunga kitambaa saa tisa alikuwa hai, na waokoaji walifika saa kumi kasorobo. Kila mtu mzima kwenye meza ile alijua hesabu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Wangemkuta hai."

Bibi Aasand alitikisa kichwa taratibu. "Miaka thelathini na moja wananiambia alikufa palepale, hakuteseka. Nilijua wananidanganya. Mtu hafi palepale akiwa ameficha mikono." Halafu alilia, na Verlyn akalia, na mimi nikaosha vyombo kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Curt amesoma ukurasa huu mara mbili. Verlyn ameusoma pia, na amerekebisha mahali pamoja tu, pale nilipoandika kwamba ardhi ilikuwa imeganda. Akaandika kwa mkono wake: ilikuwa imeanza tu, bado ingechimbika.

Ndugu Verlyn, kwa niaba ya kambi nzima ya Sorby, asante kwa kila alama uliyoisimamisha kwenye upepo, kwa mafuriko, na kwa madereva wengi waliofika kwao bila kujua jina lako. Hayo ni ya kweli, nami nayasema kwa moyo mmoja. Kwa niaba yangu mwenyewe, sijakusamehe. Huenda nikakusamehe, sijui. Ulichonitwika nimekibeba mpaka mgongo ukapinda, na Jumatatu ile ukakichukua mbele ya Bibi Aasand. Sasa ni chako. Tunakutakia wewe na Ardis afya, usingizi, na siku nyingi mbele yenu. Nenda nacho salama.

LaVonne Dockter
Masijala, Kambi ya Sorby